Majaribio ya sayansi ya nyumbani yaandikiwe tahadhari kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wa sayansi na wazazi wenzangu. Nimefanya kazi ya ufundi wa maabara katika shule za sekondari kwa miaka 31, na sikuwahi kumpeleka mwanafunzi hospitali kwa kuungua. Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kidato cha pili ameungua mkono barazani kwangu, hapa Morogoro, nami nikiwa hatua chache tu kutoka alipo.

Alipewa kazi ya kuonyesha kwamba jani hutengeneza wanga. Wengi tulilifanya jaribio hilo shuleni: jani linalainishwa kwenye maji yanayochemka, linawekwa kwenye spiriti ya moto mpaka ukijani utoke, linasuuzwa, kisha linadondoshewa aidini. Penye wanga panageuka buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Katika daftari lake, habari ya spiriti ilikuwa mstari mmoja wa Kiingereza, ambao kwa Kiswahili unasema: chemsha jani ndani ya spiriti. Basi. Naye akatii. Akamimina spiriti kwenye kopo la maziwa na kulibandika kwenye jiko la mkaa.

Mvuke wa spiriti ni mzito kuliko hewa, hushuka, na chini palikuwa na makaa. Ukashika. Moto wake ni wa buluu hafifu mno. Saa nane mchana, jua likiwaka, huuoni kabisa. Mtoto aliona spiriti inapungua na jani bado la kijani, akainua chupa ya nusu lita aongeze. Nikamuuliza kama kopo limeshika moto. "Hapana Bibi, halijawaka." Sijamaliza kusimama, moto ulikwishaupanda ule mchirizi wa spiriti hadi mdomo wa chupa. Chupa ikamponyoka, sakafu ikawaka mpaka kwenye miguu ya kiti.

Bahati nilikuwa nafua. Nilichomoa shuka mbichi kwenye beseni nikaufunika moto, kisha nikamvuta hadi kwenye pipa na kummwagia mkono maji kwa jagi, dakika 20 nikitazama saa. Jirani mmoja alikuja mbio na dawa ya meno, mwingine na yai. Nawashukuru kwa moyo wao, ila niliwakatalia. Vitu hivyo vinachafua kidonda, na hospitalini inabidi vibanduliwe kwenye ngozi iliyoungua.

Najua hali ya shule zetu: wanafunzi wengi, vifaa vichache, na mwalimu anaona afadhali mtoto ajaribu nyumbani kuliko asijaribu kabisa. Namwelewa. Lakini maabara tulikuwa tunachemsha maji kwanza, tunazima moto, ndipo tunatumbukiza neli ya spiriti kwenye yale maji. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, kwa hiyo maji ya moto peke yake yanatosha. Maneno hayo hayakuwamo daftarini. Mama yake anauza vitumbua. Yeye ndiye mwenye jiko na kopo, na angeandikiwa kwa Kiswahili "spiriti isikaribie moto", asingeruhusu. Kazi inayokwenda nyumbani iandikwe kwa lugha ambayo mwenye jiko anaisoma.

Yapo pia ambayo nasema yasitoke shuleni hata kwa maandishi mazuri. Asidi ya betri ni mojawapo. Na watoto wakatazwe kabisa kuchanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, eti waone povu. Hapo hutoka gesi ya klorini, na vyoo vyetu vingi ni vidogo, dirisha ukubwa wa kitabu. Gesi hiyo inachoma koo na mapafu kabla hujaupata mlango.

Jumapili iliyopita tulilirudia jaribio, jiko likiwa limezimwa tangu asubuhi. Alichuma jani la tembele lililopigwa na jua mchana kutwa. Maji ya moto tuliyatoa kwenye chupa ya chai, tukayamimina bakulini na kusimamisha ndani yake gilasi ndogo yenye spiriti kidogo. Ilibidi tubadilishe maji mara mbili. Jani lilipauka likawa kama karatasi, akalisuuza, akadondosha aidini kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia bado una bandeji. Likaanza kuwa jeusi kutoka katikati kwenda pembeni, na akaniita nije nione.

Fundi maabara mstaafu,
Morogoro