Fedha za zabuni zinapotelea kwenye mapokezi

Ndugu Mhariri,

Kila Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inapowasilishwa bungeni, sisi watu wa ununuzi na ugavi tunajua tutatajwa. Zabuni ilipendelewa, bei ilipandishwa, utaratibu ulirukwa. Waliofanya hivyo wawajibishwe, sina huruma nao. Ila nimeifanya kazi hiyo katika halmashauri zaidi ya moja hadi nikastaafu, na naomba nafasi niseme jambo nisilolisikia likijadiliwa. Kwa niliyoyaona, fedha nyingi hazipotei siku zabuni inapofunguliwa. Zinapotea siku lori linaposhusha mzigo.

Upande wa zabuni umebanwa vizuri. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 imegawa majukumu: idara inaeleza mahitaji yake, kitengo cha ununuzi kinaandaa zabuni, kamati inatathmini, bodi ya zabuni inaidhinisha, afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, anasaini mkataba. Tangu mwaka huo kazi hizo zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao uliochukua nafasi ya ule wa awali, TANePS, na mzabuni asiyeridhika ana Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma ya kukimbilia. Mimi nilianza kazi enzi za bahasha na sanduku la zabuni lenye kufuli. Mfumo huu ni hatua kubwa na walioujenga wanastahili pongezi.

Lakini mfumo haupimi nondo.

Kuna shule tuliyokuwa tunaijengea madarasa kwa fosi akaunti, yaani tunanunua vifaa na kutumia mafundi wa kawaida bila mkandarasi. Mzabuni alileta nondo za milimita 12 na karatasi zake zote zilikuwa safi: LPO (hati ya kuagiza bidhaa), hati ya kupelekea mzigo, ankara. Kamati ya mapokezi ya shule, wazazi pamoja na mwalimu, ilikuwa imeshahesabu nondo moja moja na idadi ikatimia. Nikaomba moja ibebwe hadi kwa jirani mwenye mizani ya kupimia mahindi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na kama kilo 10.7. Ile ilisoma nane na nusu. Tukapima ya pili na ya tatu, hali ikawa ile ile. Kwa macho tofauti haionekani. Fundi mwenyewe alikuwa ameshaanza kuzikata. Karibu sehemu ya tano ya chuma tulichokuwa tunakilipia haikuwepo, na chuma hicho ndicho kingekwenda kwenye lenta, juu ya vichwa vya watoto.

Nilikataa kusaini. Jioni simu zikaanza. Nikaambiwa nakwamisha mradi, mara viongozi wanakuja kuukagua, mara nondo ni nondo. Kilichoniokoa ni mhandisi wetu, alisimama na mimi na mzigo ukarudishwa. Nawafahamu wenzangu waliokataa vivyo hivyo bila mhandisi wa kusimama nao, na barua ya uhamisho haikuchelewa.

Sitaki ionekane naipinga fosi akaunti. Mwaka 2021, kwa sehemu ya Sh trilioni 1.3 za fedha za UVIKO-19, nchi ilijenga madarasa 15,000 katika miezi michache, na watoto wengi wamekaa kwenye madawati kwa sababu hiyo. Ila mtu aliyekuwa ofisi ya ununuzi kipindi kile anakumbuka presha yake. Nchi nzima ilitafuta saruji na mabati kwa wakati mmoja, na kila swali kuhusu ubora lilijibiwa kwa tarehe ya kukabidhi.

Wananchi wanadhani afisa ununuzi anazunguka kukagua kila mzigo. Halmashauri ina shule na zahanati zilizotawanyika hadi mwisho wa barabara, na gari la kitengo, kama lipo, linaombwa na idara nyingine tano. Mara nyingi hati za mapokezi zinaletwa ofisini kwa bodaboda zikiwa na sahihi za kamati, naye anatakiwa kupitisha malipo ya kitu ambacho hajakiona. Siku mkaguzi akikuta dosari, yeye ndiye wa kwanza kuandikiwa hoja.

Na kamati zenyewe tunazionea. Wazazi wanapewa idadi, hawapewi sifa za bidhaa. Chukua mabati. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Namba ikipanda, unene unashuka. Mzazi ambaye hakuelezwa hilo ataona 30 na kudhani ameletewa bora zaidi, atasaini kwa moyo mweupe. Saruji nayo ina namba ya nguvu yake mfukoni, 32.5 au 42.5, na aliyeagizwa kuhesabu mifuko atahesabu mifuko.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Kila halmashauri itenge fedha za kusimamia mikataba, mafuta na posho ya safari vikiwemo, kwa uzito ule ule inaoupa mchakato wa zabuni. Afisa aliyekataa kupokea mzigo kwa maandishi asihamishwe hadi sababu zake zisikilizwe. Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 2007, ina uwezo wa kumwadhibu mtaalamu anayekiuka maadili. Nataka niisikie pia ikimtetea hadharani yule anayesulubiwa kwa kuyafuata.

TAMISEMI nayo ianze na vitu vitatu vinavyoingia karibu kila jengo la shule: nondo, mabati na saruji. Itoe ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye uzito, unene na namba zinazotakiwa, uambatishwe kwenye kila LPO na ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule inayojengwa, ili hata mama anayeleta maji ya ujenzi ausome. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Ukurasa huo unaweza kuwa tayari kabla ya hapo.

Afisa ugavi mstaafu,
Morogoro