Muswada si sheria, msitufungie mlango

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya ukurasa wa mbele, kwamba Bunge limepitisha sheria mpya ya makato ya mazao, si kweli. Bunge halijapitisha kitu. Ulisomwa muswada, mara ya kwanza, ukapelekwa kwenye kamati.

Siku gazeti lilipofika Naliendele tulikuwa kwenye kikao cha AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, tunaandaa maoni ya kuipelekea kamati hiyo. Katibu alikuwa na daftari la mistari, ameshaandika hoja ya tatu: makato yaonyeshwe moja moja kwenye malipo ya mkulima. Kijana mmoja akaingia na gazeti, akalisoma kwa sauti. Mzee mmoja akasimama, akajifunga msuli wake vizuri, akasema, "Basi wanangu, limeshapita hilo, twendeni mashambani." Nikawaambia bado, haijawa sheria. Wakaniuliza, wewe na gazeti nani anajua zaidi? Kikao kikavunjika. Watu waliokuwa na haki ya kusikilizwa waliondoka wakiamini wamechelewa, na aliyewaambia hivyo ni ninyi. Katiba, Ibara ya 97, iko wazi: muswada hauwi sheria mpaka Bunge liupitishe na Rais aukubali, na Rais anaweza kuukataa akaurudisha bungeni pamoja na sababu zake. Kabla haujafika huko kuna kamati inayoita wadau, kuna kusomwa mara ya pili na mjadala, kuna Kamati ya Bunge Zima inayopitia kifungu kwa kifungu, kuna kusomwa mara ya tatu. Mkulima ana nafasi moja tu katika safari yote hiyo, nayo ni kwenye kamati, na ndiyo mliyomfuta.

Na hapo ni muswada unaokwenda kwa utaratibu. Julai 2015 miswada mitatu, wa petroli, wa usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na wa uwazi katika tasnia ya uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi, ililetwa kwa hati ya dharura, yaani ipitishwe haraka kuliko kawaida. Baadhi ya wabunge wa upinzani waliopinga haraka hiyo walisimamishwa kuhudhuria vikao, na miswada ikapita. Gesi yenyewe inachimbwa Msimbati, hapa hapa kwetu! Dharura ya nini, wakati gesi hiyo iligunduliwa Mnazi Bay, ghuba ya hapo Msimbati, tangu 1982?

Mhariri, sahihisheni habari ile, tena ukurasa wa mbele. Na kuanzia sasa kila habari ya muswada iseme kwenye sentensi ya kwanza umefikia wapi: umesomwa mara ya kwanza, uko kamati, au unasubiri saini ya Rais. Ukiwa kamati, andikeni siku ya mwisho ya kupokea maoni na anwani ya kuyatuma.

Mkulima wa korosho,
Naliendele, Mtwara