Shukrani kwa dereva wa lori wa usiku ule

Kaka, jina lako sikuuliza, na nilipokumbuka ulikuwa umeshaondoka. Mimi ni yule dada aliyemgonga mbwa kwenye kona, akabaki ameng'ang'ania usukani kana kwamba gari bado linakwenda.

Uliniambia nisogee pembeni kwanza na kuwasha taa za tahadhari. Pembetatu ukaenda kuiweka mbali, kabla ya kona, si pale nyuma ya bampa nilipotaka kuiweka mimi. Nikataka kumkimbilia mbwa nimshike kichwa, ukanizuia: "Dada, ana maumivu huyo, atakung'ata hata kama unamsaidia." Kweli, ulipomkaribia polepole na koti lako mkononi alionyesha meno. Ulipomfunika macho, akatulia. Nikabaki naangalia koti likipanda na kushuka kwa pumzi zake.

Uliwapigia polisi ukawaeleza tulipo, mimi nikamtafuta daktari wa mifugo. Namba ya mwenye mbwa tuliikuta kwenye mkanda wa shingoni. Wengi husema hawawezi kugonga mnyama na kukimbia. Mimi, niseme ukweli, peke yangu huenda ningekimbia.

Halafu ukainama na tochi chini ya gari langu. Kumbe rejeta ilikuwa inavuja! Ningeondoka vile, injini ingechemka njiani, na sijui ningemlilia nani.

Mbwa alivunjika mguu wa nyuma, anaendelea kupona. Koti lako ninalo. Nimelifua mara tatu, ila doa moja la kwenye mkono limegoma kutoka.