YAH: Mama yangu kupokonywa tiketi bandarini Tenby

Kwa Meneja wa Safari,

Nimejizuia siku nne nisiandike nikiwa na hasira, na bado hazijapoa.

Jumamosi iliyopita, katika safari yenu ya basi kutoka Birmingham, kwenye ukuta wa bandari ya Tenby, Wales, kiongozi wenu wa msafara alimpokonya mama yangu mwenye miaka 74 tiketi yake ya boti ya kwenda kisiwa cha Caldey, akampa abiria mwingine, kisha akamwambia mbele ya watu: "Bibi, wewe kaa hapa, kisiwa hakikimbii."

Boti hizo huondokea bandarini maji yakijaa, na yakikupwa huondokea ufukwe wa Castle Beach, nyuma ya kilima. Kiongozi anayelipwa kwa kazi hiyo alitupeleka bandarini wakati vyombo vimeshalala ubavu mchangani, halafu akaanza kuwakimbiza watu, na aliyeonekana mzigo akawa mama. Tuliposhuka tu kwenye basi, mama alikuwa amemwambia kiongozi huyo kwa upole, "Mwanangu, bahari inakupwa." Mama ni mzaliwa wa Pangani. Alijibiwa kwa kicheko kwamba hapa ni Wales.

Narudia, maana nikifumba macho naliona tukio lile. Mama aliishika tiketi kwa vidole viwili, kwa sababu ya upepo, akainyoosha akidhani anaombwa aionyeshe. Ikachukuliwa. Mkono wake ukabaki hewani, na hakuna aliyemwambia neno la heshima isipokuwa hilo la kisiwa kutokimbia.

Nilibaki naye kwenye benchi mpaka wenzetu waliporudi, ndipo kiongozi wenu akamletea kipande kimoja cha chokoleti inayotengenezwa na watawa wanaoishi kisiwani Caldey. Hakukila.

Nilikusudia kudai nauli ya boti peke yake. Sasa nadai nauli yote ya safari, yake na yangu, kutoka Birmingham na kurudi, pamoja na barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwa jina lake, si langu, na kutiwa saini na mkurugenzi. Zikipita siku 14 bila jibu, nitafungua shauri katika mahakama ya madai madogo kwa Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, na jamaa zetu wote wanaopanda mabasi yenu watapata nakala ya barua hii.

Mama anarejea Tanga mwisho wa mwezi. Barua ya radhi imfikie kabla hajapanda ndege.

Mteja wenu