Mwili wa dada haukukata tamaa

Mpendwa Zuhura,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema uvimbe wa saratani wa dada umeanza kukua tena baada ya miezi minane ya kusinyaa, na usiku hulali ukijiuliza kama mwili wake umekata tamaa. Neno hilo limenichoma, ndiyo maana nakujibu leo leo.

Haukukata tamaa, Zuhura. Seli T, wale askari wa mwili, hawana macho ya kuona ndani ya seli. Karibu kila seli hutoa nje vipande vidogo vya protini zake na kuvishika juu ya utando, askari apite avipapase. Akikuta kigeni, anaua. Saratani nyingi huponea kwa kukanyaga breki iliyo kwenye askari mwenyewe, iitwayo PD-1, ambayo Tasuku Honjo na wenzake waliitangaza mwaka 1992. Dawa ya dripu aliyopewa dada ilizuia breki hiyo isikanyagwe, basi. Waliousinyaza uvimbe ni askari wake mwenyewe.

Sasa umerudije? Seli za uvimbe mmoja hazifanani. Iko inayopoteza protini ya B2M, na bila hiyo vile vipande havina pa kushikiliwa: askari anapapasa, hakuti kitu, anapita. Wenzake wanakufa, yenyewe inabaki na kuzaana. Nyingine huharibika jeni za JAK1 au JAK2, ikawa kiziwi kwa intaferoni, ishara ambayo askari huitoa kuizuia isikue. Mambo haya yalionekana mwaka 2016 kwa wagonjwa wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, waliorudiwa na ugonjwa wakiwa kwenye dawa za namna hii. Kwa dada ni lipi, vipimo ndivyo vitakavyosema. Ila mchujo kama huo hufanywa na askari wakali, si waliolegea. Kwa hiyo nakusihi, usimwambie tena apigane zaidi. Amepigana.

Muulizeni daktari kama atakata kinyama kipya cha uvimbe akipime, maana kile cha mwanzo kilitoka kwenye uvimbe wa wakati ule. Na dada akiharisha mfululizo, au pumzi zikimbana, msingoje siku ya kliniki hata kama dripu zimesimamishwa. Askari wasio na breki huweza kugeukia utumbo au mapafu miezi kadhaa baadaye, na likiwahiwa hilo hutibika.

Jumapili jioni nitapiga. Kama dada atakuwa macho, mpe simu.

Wako,
Mwanaidi