Kikosi kinakabidhiwa bendera, nyumbani hakukabidhiwi kitu

Mhariri,

Kila kikosi cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania kinapoagwa kwenda kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, magazeti hutoa picha ile ile: kamanda anapokea bendera ya taifa, nyuma yake safu ya bereti za bluu. Picha ni nzuri, iendelee kutoka. Ila kuna makabidhiano ya pili, yale ya mezani nyumbani, iwe Mbalizi, Mafinga au Makambako, na hayo aghalabu hayafanyiki. Sisi wasaidizi wa sheria tunapokea matokeo yake miezi mitatu au minne baadaye. Tunaomba nafasi tuyaseme kabla wengine hawajafunga mabegi.

Tuanze na laini ya simu, kwa sababu ndiko pesa iliko. Askari wengi humwachia mke laini yao pamoja na namba ya siri, wakaona wamemaliza. Laini hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole vya mume. Siku simu ikichomolewa mfukoni sokoni Mwanjelwa, wakala atataka kidole cha mwenye laini kabla ya kuirudisha namba, na kidole kiko Berbérati, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Salio litakaa humo mpaka mwenyewe arudi. Pesa ya nyumba iingie kwenye laini au akaunti iliyosajiliwa kwa jina la mke mwenyewe. Benki unakopita mshahara, ajaze agizo la kudumu: kiasi fulani, tarehe fulani, kila mwezi, kwenda akaunti ya mke. Alijaze mapema kiasi cha kuona limepita mwezi mmoja akiwa bado nchini. Agizo la wiki ya mwisho likikosewa tarakimu moja, nani atalirekebisha? Na wote wawili wapige *106# waone laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao. Wengine hukuta namba wasiyoijua.

Jambo la pili ni hati ya kumpa mtu mamlaka, ile inayotiwa saini mbele ya wakili. Nyingi tunazoletewa zimeandikwa sentensi moja: “Namruhusu mke wangu asimamie mambo yangu yote.” Sentensi hiyo inapendeza masikioni, lakini ukiifikisha benki au ofisi ya ardhi inarudishwa. Hati itaje kazi moja moja: kupokea kodi ya chumba kiwanja fulani, kusaini mkataba wa pango, kufuatilia hati ya kiwanja, kumwakilisha baraza la ardhi. Iwe na namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, za wote wawili, picha zao, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kama hatakiwi kuuza, iseme wazi kuwa kuuza hakumo. Benki nyingi hutaka fomu yao wenyewe juu ya hiyo, basi waulizwe kabla ya kumlipa wakili. Jingine ambalo watu hawaambiwi: hati hii hufa na aliyeitoa. Mume akifariki leo, kesho haina nguvu, na anayeendelea kutoa pesa kwayo anajitafutia kesi. Kuanzia hapo anahitajika msimamizi wa mirathi.

Wakulima wenzetu wa Nyanda za Juu Kusini watatuelewa upesi kwenye mbolea ya ruzuku. Usajili wa mkulima unafungwa na jina na simu ya aliyeandikishwa. Shamba likiwa limeandikwa kwa mume na simu yake iko Kongo, mke anafika kwa wakala mwezi Novemba, mvua zimeshagonga, na anarudi mikono mitupu. Dirisha la kupanda haliwasubiri. Kabla ya safari, mke ajiandikishe mwenyewe ofisi ya kijiji au mtaa kwa eka atakazolima kweli. Hesabu ya kawaida kwa eka ya mahindi ni mfuko wa kilo 50 wa DAP wa kupandia na mfuko mmoja au miwili ya Urea ya kukuzia, kwa hiyo mwenye eka tatu asikubali kuandikwa moja. Pesa ya vibarua wa palizi itengwe pia. Palizi ya kwanza huja wiki mbili tatu baada ya mahindi kuota, na ikichelewa, Urea inalisha magugu.

Majina ni ugonjwa wa pekee. Chukua familia moja ya kubuni: kadi ya kliniki ya mtoto, muuguzi ameandika jina la utani la baba kama alivyotajiwa, NIDA ina jina la ubatizo, la baba na la babu, rekodi ya kikosi ina majina mawili tu. Karatasi tatu, baba watatu. Mtoto wa chini ya miaka mitano huandikishwa na kupewa cheti cha kuzaliwa bure kituo cha afya au ofisi ya kata, utaratibu ulioanza mkoani kwetu Mbeya mwaka 2013, kwa hiyo kukosa cheti hicho hakuna kisingizio. Aliyevuka miaka mitano hushughulikiwa wilayani kwa utaratibu wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na huko viambatisho ni vingi zaidi. Kabla cheti hakijachapwa, mzazi asome jina herufi kwa herufi mbele ya karani. Palipokwisha kuharibika, kiapo cha majina mbele ya wakili kinasaidia, ila kila ofisi itataka nakala yake iliyogongwa mhuri, basi zitengenezwe nne au tano kwa mkupuo.

Halafu ndoa. Mahari imetoka, ng'ombe wamepokelewa, wazee wameridhika, watoto wawili wapo. Cheti hakuna. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila, nayo husajiliwa kwa msajili wa wilaya. Waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mke na mume wanaweza kutegemea kifungu cha 160, lakini hiyo ni dhana tu ya kwamba ndoa ipo, inabishiwa mahakamani, tena na shemeji ambaye jana mlikula naye. Kusajili mume akiwepo ni kazi ya siku chache. Kuthibitisha asipokuwepo ni kazi ya mwaka.

Askari apite pia ofisi ya utawala ya kikosi akaulize ameandikwa nani kama ndugu wa karibu. Aliyejiunga akiwa kijana huwa aliandika mama au kaka, na namba ya simu iliyokwisha kufungwa. Hapo ndipo simu ya kwanza itapigwa. Aweke namba mbili za watu wawili tofauti. Na ieleweke kwamba mtu wa kupigiwa simu si lazima awe mrithi. Ugomvi mwingi wa ukoo unatokana na kuchanganya hayo mawili.

Kuhusu dola, tuseme ukweli hata kama utawaudhi wakwe. Kile kiwango kinachozungumzwa vijiweni, dola 1,428 kwa askari kwa mwezi tangu Julai 2018 na 1,448 tangu Julai 2022, ni marejesho ambayo Umoja wa Mataifa unailipa serikali iliyotoa askari. Si mshahara unaotua mfukoni kwake. Posho anayopewa huko na misheni yenyewe ni dola 1.28 kwa siku, pamoja na dola 10.50 kwa kila siku ya mapumziko, siku zisizozidi 15 katika kila miezi sita. Kinachobaki hupangwa na serikali yake. Ndugu anayemkalia shemeji kooni kwa hesabu ya dola 1,400 kila mwezi anadai pesa isiyokuwepo, na tumeona nyumba zikivunjika kwa hesabu hiyo.

Matapeli nao husoma magazeti. Kikosi kikiagwa tu, simu zinaanza: mumeo kaumia, yuko hospitali, tuma laki tatu na themanini ya kibali, au mzigo wake umekwama uwanja wa ndege. Hakuna ofisi ya jeshi inayouza habari za majeruhi wake. Kata simu, piga kikosini, kisha tuma namba ya tapeli kwa meseji kwenda 15040. Ili kuwanyima chambo, familia isibandike mtandaoni siku ya safari, jina la kambi aliko wala picha yenye namba ya gari. Anayejua mumeo yuko wapi na amefika lini ana nusu ya hadithi anayoihitaji.

Msiba ukitokea, mlolongo ni huu: cheti cha kifo, kikao cha ukoo chenye muhtasari na saini za waliohudhuria, mjane akiwemo na si kuwakilishwa na mtu, maombi mahakama ya mwanzo, tangazo, kisha uteuzi. Msimamizi ana miezi minne ya kurudisha mahakamani Fomu Na. 5 ya orodha ya mali na madeni, kisha Na. 6 ya hesabu za mirathi kwa muda utakaopangwa na mahakama, na wengi husahau kabisa kwamba zipo. Fidia ya Umoja wa Mataifa hupitia kwa serikali, haiji kwa wakala wa mtu yeyote, hivyo anayeomba ada ya kuiharakisha ni mwizi.

Kwa majirani na vikundi vya kanisa au msikiti: ziara ya pole ni njema, lakini chenye uzito ni bodaboda ya kuleta mifuko ya mbolea kutoka Mbalizi, na mtu wa kulala karibu mwezi wa saba baridi inapobana na wezi wa mifugo wanapotembea. Watoto wasipewe tarehe ya baba kurudi. Zamu huchelewa, na tarehe iliyopita humuumiza mtoto kuliko kutoijua. Wakitaka kuzungumza naye, saa tatu usiku hapa Mbeya ni saa moja jioni Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na saa mbili usiku Beni, mashariki mwa Kongo.

La mwisho ni kwako, Mhariri. Darfur, Sudan, 13 Julai 2013, waliuawa askari 7 wa Tanzania. Semuliki, karibu na Beni, 7 Desemba 2017, wasiopungua 14. Siku kama hizo, tafadhali majina yasitoke gazetini wala kwenye kurasa zenu za mtandaoni mpaka jeshi lithibitishe kwamba kila nyumba imefikiwa. Nyumba nyingine ziko Makete au milimani Rungwe, ambako gari la kikosi huchukua saa nyingi kufika na meseji huchukua dakika moja.

Wasaidizi wa sheria,
Mbalizi, Mbeya