Picha za maghorofa ni nzuri, ila korongo mmelipeleka wapi?

Mhariri,

Naomba kanafasi niseme hili la picha za majengo, zile za kompyuta mnazotuwekea kila mradi mpya ukitangazwa. Mimi kazi yangu ndo hiyohiyo, nachorea mainjinia hapa Dar, kwa hiyo sisemi kwa wivu. Ziangalieni vizuri, jengo linang'aa, limezungukwa na majani kama uwanja wa gofu, watu wamevaa makoti (makoti, Dar, mwezi wa pili!) halafu ardhi tambarare kama meza. Jirani mwenye nyumba ya bati hayupo, korongo halipo, nguzo ya umeme ndo kabisaa.

Wengi wetu hatupendi kudanganya, shida ni pa kuipata hiyo ardhi. Mwaka juzi nilipewa kazi ya apatimenti kule Kimara, na Kimara kila mtu anaijua ni miinuko na makorongo, injinia akataka picha ionyeshe ukuta wa kuzuia udongo na maji ya mvua yatapita wapi. Nikashusha data za bure, zile Wamarekani walizopima kwa rada wakiwa kwenye chombo cha anga mwaka 2000, zina kimo kimoja kila mita 30. Sasa korongo lenyewe hata mita 10 upana halifiki, litaonekanaje? Likafutika, pakawa kiteremko kizuri cha watoto kuchezea. Na kabla ya hapo kiwanja chenyewe kilikuwa kimeruka zaidi ya mita 300 kikaangukia kwa watu, kumbe ramani ya upimaji ya mteja iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, na picha ya satelaiti iko kwenye WGS84, ule wa siku hizi wa GPS, nimehangaika siku mbili nadhani kompyuta imeingia virusi. Mwisho injinia akamtuma sevea akapime upya, hela ya mteja ikaongezeka na maneno nikala mimi.

Kariakoo ndo kichekesho. Rada ile mara nyingi haifiki kwenye udongo, inagonga mapaa inarudi, kwa hiyo ukishusha vimo vya pale unaletewa kilima ambacho hakipo, ukipandisha na maghorofa juu yake urefu unahesabika mara mbili. Kijana asiyejua anapeleka hivyohivyo kwa mteja na mteja anafurahi, maana ghorofa lake linaonekana limekaa juu ya mlima!

Kwenye majengo hali ni nafuu, tena nafuu sana. Vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za wazi, wengi wao wanafunzi wa Ardhi na Mlimani, walianza mwaka 2015 kuchora Dar nyumba kwa nyumba sababu ya mafuriko, na kazi yao iko OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, mpaka leo, unaivuta bure unaingiza Blender, programu ya kuchorea picha hizi. Google nao wametoa michoro ya majengo ya Afrika yanavyoonekana kutoka juu na makadirio ya urefu wake kuanzia 2016 hadi 2023. Ila nyumba nyingi kwenye ramani hazijaandikwa zina ghorofa ngapi, kwa hiyo mimi Jumapili asubuhi maduka yakiwa yamefungwa nazunguka Gerezani nahesabu kwa kidole, ghorofa moja napiga mita 3 na kidogo, ya chini yenye maduka napiga 4, madirisha napiga picha kwa simu nije niyabandike. Walinzi washanizoea, mmoja ananiita afisa wa kodi.

Sasa Mhariri, kinachoniuma ni kwamba droni zinarushwa. Miradi ya barabara na mito inapima kwa pesa nyingi, vimo vya kisawasawa, halafu faili linaishia kwenye droo ya mtu. Nilienda ofisi moja (siitaji) kuomba vimo vya kata moja tu, nikaambiwa niandike barua, nikaandika, nikaambiwa barua iliyopita haikuwa na mhuri, nikagonga mhuri, mhusika yuko safari. Wenzetu wa Zanzibar walirusha droni Unguja na Pemba nzima na picha wakaziweka wazi, mtu anazishusha akiwa nyumbani kwake. Bara tunashindwa nini? Wenye faili waziweke hata kwa bei, bora bei ijulikane, tutachanga.

Na nyie gazetini mkiletewa picha ya mradi ulizeni tu, hiyo ardhi mmeitoa wapi na majirani wako wapi. Wakisema wamejichorea, basi andikeni hivyo chini ya picha.

Mchoraji, Tabata, Dar es Salaam